Bi. Dobe Krasner na Nakala ya Hamsini na Saba

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Dobe Krasner atastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika maktaba yetu ya klezmer, muziki wa harusi wa sisi Wayahudi, hapa Brooklyn. Hii ni mara ya tatu tunatangaza. Mara mbili zilizopita keki ya asali ililiwa, hotuba zikasomwa, na Jumatatu iliyofuata tukamkuta mezani kwake akiuliza nani kaacha dirisha wazi.

Aliajiriwa mwaka 1988 kupanga rafu moja ya santuri kuukuu. Leo tuna santuri elfu sita na madaftari ya wapiga fidla wa harusi yasiyo na idadi. Mengi aliyafuata mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Sisi kitabu cha sala kikichakaa tunakizika kwa heshima, lakini daftari la nyimbo la babu tunalitupa jalalani bila kupepesa macho. Jambo hilo lilimkera mno. Ndiyo maana hakukosa msiba hata mmoja mtaani. Alifika na mayai yake ya kuchemsha, chakula chetu cha matanga, akaketi na wafiwa, akawapa pole kwa moyo wote, kisha akauliza, "Na huko darini kuna nini?"

Mtu akija kujifunza kupiga klezmer, Bi. Dobe hampi karatasi. Mwanafunzi atasikiliza santuri mara tatu, kisha ataimba, ndipo atapewa noti. Profesa mmoja wa muziki aligoma. "Mimi nasoma noti tangu nina miaka minne, mama," alisema. Bi. Dobe akamjibu, "Hongera sana, baba. Sasa imba." Aliimba, tena vibaya, na tangu siku hiyo hutuletea wanafunzi wake kila mwaka.

Sasa lile kosa. Yeye mwenyewe ameagiza liandikwe, la sivyo hatakanyaga ukumbi wa kumuaga.

Mwaka 2003 alisikiliza santuri moja ya wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, akauandika kwa noti, akatoa nakala mia moja na arobaini zenye namba, akawa anazigawa mwaka hadi mwaka. Zilienda hadi Buenos Aires na Krakow. Mwaka 2014 akaingia mzee Velvl Shpirn, mpiga fidla wa miaka themanini na minane, akawakuta wanafunzi wanaupiga huku wamekunja nyuso. Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Ni nani kawatesa vidole namna hii? Wimbo huu nyuzi zinalia zenyewe, huna haja hata ya kuzishika!" Akamgeukia Bi. Dobe. "Binti, umeupandisha juu!"

Kumbe santuri ile ilirekodiwa ikizunguka taratibu kuliko nyingine, naye Bi. Dobe aliipiga kwa mwendo wa kawaida. Wimbo mzima ukapanda nusu sauti, na dunia nzima ikajifunza hivyo kwa miaka kumi na moja.

Mwingine angenyamaza. Nani angejua? Bi. Dobe aliketi na daftari la majina, akaandika barua mia moja na arobaini kwa mkono wake: "Kosa ni langu. Nakutumia nakala sahihi. Tafadhali nirudishie ile ya zamani niichane mwenyewe." Tulimwambia anajidhalilisha bure. Alitujibu kwamba watu hawa wameliamini sikio lake, na hatakwenda nyumbani huku uongo wake ukiwa bado unapigwa kwenye harusi za watu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Barua zile zimetuletea wanafunzi wengi kuliko tangazo lolote.

Nakala zilirudi moja moja. Nyingine ilikuja na doa la divai, nyingine na picha ya mtoto aliyezaliwa. Zilirudi mia moja thelathini na tisa. Moja haikurudi, nakala ya hamsini na saba, na kwa ajili yake ameahirisha kustaafu mara mbili.

Iliandikwa kwa jina la Hershl Vaynrib. Ndiye mimi ninayeandika wasifu huu.

Nilimwambia ilipotea nilipohama kutoka Queens. "Iliyopotea haijachanwa," alisema, na kila mwaka ananiuliza, "Hershl, yale maboksi umeyapekua?" Kila mwaka namjibu bado. Aibu gani hii! Lakini mficha uchi hazai, nami nimechoka kuficha.

Haikupotea kamwe. Nilikuja hapa kama mwanafunzi mwaka 2008, mwezi mmoja baada ya kumzika baba yangu, nikiwa na klarineti nisiyojua hata kuishika. Baba alikuwa akiupiga mluzi wimbo ule wakati wa kunyoa ndevu. Bi. Dobe alinifanya niupige mluzi kama baba, alasiri nne mfululizo, akisikiliza huku amefumba macho. Kisha akaandika kwa penseli juu ya noti, mahali patatu, "Hapa baba yako alivuta pumzi." Ningewezaje kuirudisha ichanwe? Tena, nitasema ukweli wote, nilijua kwamba ikirudi, ataondoka.

Bi. Dobe, maboksi nimeyapekua. Nakala iko ndani ya bahasha utakayopewa ukumbini, na ni haki yako kuichana. Wimbo wenyewe nimejifunza upya, nusu sauti chini, kama mzee Velvl alivyotaka. Nitaupiga utakapokuwa unatoka mlangoni, na pale patatu nitavuta pumzi.

Kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kutupatia masikio. Orodha yako imetimia. Nenda ukapumzike, mama, na siku zako zijae harusi.