Nilipewa Mashine ya Vitabu na Sijui Herufi

Hapana, hii si redio, na sijaiba. Ni mashine inasoma vitabu kwa sauti, ya laibrari hapa Isiolo, na imeandikwa kwa jina ya mimi Nyanya Kagwiria wa Bulla Pesa. Kwa hivyo Bwana asifiwe, na mwenye amesinzia aamshwe.

Ndugu zangu, baba aliniweka nyuma ya mbuzi, si mbele ya mwalimu. Mzee wangu ndiye alikuwa ananisomea Neno jioni. Akafa. Halafu presha ya macho ikanishika, giza ikaingia pole pole kutoka kando mpaka ikajaa. Nikabaki na bibi ya mtoto wangu, Nkatha, huyo anacheka hapo. Nkatha akisoma ni mistari ya mwanamke mgomvi peke yake. Na hako kasauti: "Mama, leo tena tuko kwa ile ya ulimi." Nikisema asonge mbele, eti sufuria inaungua. Nikaogopa, kweli. Nikaona nitakufa nikijua tu Neno lenye Nkatha amenichagulia.

Nikasikia laibrari iko na mashine ya watu wenye hawaoni. Nikaenda. Jamaa wa hapo anaongea na pua: "Shosho, pole, hii ni ya mtu macho imemzuia kusoma. Wewe shule ndiyo ilikuzuia."

Nikamwambia, "Baba, mtu hajawahi kukimbia akivunjika mguu, mnamnyima magongo?"

Akakohoa. Akasema nilete karatasi ya hospitali. Nikamwambia nitaleta, na nitarudi kukaa kwa benchi yao mpaka anizoee kama ukuta.

Hospitali, nesi wa macho, sauti kama ya kufukuza kuku: "Mama, hujui herufi? Sawa. Kuna alama hapo kwa ukuta iko na miguu. Onyesha na mkono, miguu inaangalia wapi?"

"Binti yangu, kwanza nionyeshe ukuta."

Akamulika tochi jicho hii, akamulika ile. Akaandika. Nikarudi na karatasi, na yule jamaa akaisoma na pua yake, akasema, "Mm, lakini shosho, bado hukusoma." Ndugu zangu, nilikaa chini. Nikaomba hapo hapo kwa benchi, kwa sauti, wasomaji wote wakisikia. Akaona aibu, akampigia nesi simu.

Namshukuru Mungu. Sasa nasikia Neno mwanzo mpaka mwisho, na Nkatha anakuja kusikiliza na sufuria inaungua ya ukweli. Wewe mwenye uko na mama nyumbani haoni, mpeleke. Na wewe Mzee Mwiti, usijifiche hapo nyuma. Mkono yako ilikufa na stroke, kitabu haishiki, hata wewe unaruhusiwa, nimekuulizia. Mtumaini Mungu, na usitoke kwa benchi.

Lakini hamjasikia nesi alisema nini. Jamaa alikuwa ameweka simu kwa spika, anauliza, "Sista, huyu mama hajasoma, tutampaje?" Nesi akamkata:

"Hata angekuwa profesa, hiyo macho haisomi. Mpatie mashine, niko na wagonjwa."