Skrini Isiyoficha Kovu

Ndani ya treni, mpiga picha alikuwa amekumbatia boksi la skrini mpya ya kompyuta, na mkewe amenuna. Mshonaji nguo aliyeketi kiti cha nyuma yao alijifanya anasinzia, kumbe ametega sikio.

“Duka zima limenikodolea macho,” mke alilalama. “Kila skrini unaweka picha yangu, unaivuta mpaka kovu la kidevuni linakuwa kama barabara!”

“Mama watoto, nitajuaje skrini inasema kweli bila sura ninayoijua?”

“Ile skrini ya kwanza ilinitoa kama kigoli,” mke alisema. “Ilifuta kovu, nikaikataa,” mume akajibu. “Kovu lina faida gani?” “Si ulilipata siku uliponigonga kwa baiskeli, tukajuana?”

“Nikugonge mimi? Wewe ndiye uliyenigonga!”

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, kila mmoja ameshika upande wake wa boksi.