Mto wa Kwenye Kalenda

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae karibu, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kushindana na mtangazaji. Wewe binti yangu kaa hapo hapo miguuni ulipokaa siku zote hizi, na wewe mwanangu uliyeegemea mlango, begi bado liko begani kama mpangaji aliyefuata funguo, weka begi chini. Najua dada yako alikupigia simu ukakata, akapiga tena ukakata, mpaka nesi alipopiga kwa simu yake ndipo ukapanda ndege. Umekuja, inatosha. Nisikilizeni mpaka mwisho, na asinijibu mtu.

Nianze na mali, kwa kuwa mali ni rahisi. Duka la miwani ni la dada yako, maana mashine ya kusagia vioo ikikwama ni yeye anayejua pa kuigonga, na wateja wanamwita Bosi tangu mimi mwenyewe nikiwa bado nakaa kaunta. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja kabla mwenzake hajakubali kwa mdomo wake, uso kwa uso. Fimbo za kuvulia zilizo juu ya kabati nazo ni zenu. Niliwahi kuwaza nimpe mmoja kipande cha chini chenye gurudumu la mshipi, na mwingine kipande cha ncha, ili mlazimike kwenda mtoni pamoja, kisha nikaona ni utoto, kila mmoja angekwenda dukani kununua nusu iliyopungua. Gawaneni mnavyotaka. Ile suruali ya mpira inayofika kifuani itupeni, inavuja.

Mnajua nilivyoupenda mto. Kila Jumapili niliteremka pale chini ya daraja kutafuta kambare, na mara nyingi nilirudi na matope tu, mama yenu akinipokea mlangoni na kuniuliza kama samaki wote hawajambo. Muuza nyama wa mtaa wa pili aliposikia kwamba samaki mdogo namrudisha majini, akatangaza kila kona kwamba fundi miwani haendi kuvua, anakwenda kusalimia. Sikumpenda yule bwana na hadi leo simpendi. Akija msibani mpeni chai, msimpe nafasi ya kuongea. Lakini mto niliouota si huu wetu. Ulikuwa kwenye kalenda iliyotundikwa dukani, kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha ninyi hamjaanza shule na mimi nikagoma kuibandua: maji maangavu yanapita juu ya mawe, mtu amesimama katikati mpaka kiunoni, fimbo imepinda. Mama yenu alikuwa akiipangusa vumbi na kuniambia, siku moja utasimama pale, baba nanihii, nami nilikuwa nacheka.

Kisha wewe mwanangu ukapata kazi ya jikoni kwenye hoteli huko nje, ukatuma picha ya mto unaopita nyuma ya hoteli. Mama yenu akaichukua simu, akaitazama, akaitazama kalenda, akasema nenda. Alikuwa anaumwa wakati ule, lakini alikuwa anatembea, anapika, anagombana na mimi, nami nikaenda. Unakumbuka tulivyoingia kwenye yale maji ya baridi, na kanuni ya wavuvi wa kule kwamba watu hawasimami mahali pamoja, unarusha mshipi, unasogea hatua moja kuteremka, na wa nyuma anakufuata, na anayetangulia ndiye anayewapata samaki ambao hawajashtuliwa. Ukanipisha nitangulie. Wa kwanza nilimvuta kwa nguvu kama kambare wa hapa, kama mtu anayetoa ng'ombe shimoni, mshipi ukakatika na yule mlinzi wa mto aliyekuwa akituongoza akacheka mpaka akashika magoti. Wa pili nilimvuta kwa adabu. Nikalowanisha mikono kwanza, nikamshika akielekea mkondo, ana madoadoa kama kanga, nikangoja mpaka alipopata nguvu akaondoka mwenyewe. Nilifurahi, sikatai. Hiyo ndiyo furaha yangu ya mwisho ninayoikumbuka.

Wiki ile ile mama yenu alizidiwa. Akamshika dada yako mkono akamwambia, usiwapigie, mwache avue. Dada yako hakupiga. Wewe unasema angepiga, kwamba tungepata ndege, tungemkuta yu hai. Ni kweli. Sitakudanganya kwamba tusingewahi. Tungewahi. Na dada yako analijua hilo kuliko wewe, maana yeye alikuwa na simu mkononi.

Mimi niliyefiwa na mke sina kinyongo naye, wala si kwa wema wangu. Sina kitu. Tangu siku ile moyo umekufa ganzi. Sikulia kaburini, sikulia nyumbani. Nilirudi chini ya daraja, samaki akavuta, nikamtoa, nikamrudisha, nikatazama maji, basi. Niliibandua kalenda, nikaona ukuta una mraba mweupe, basi. Hata sasa nawaona machozi yanawatoka, nami nawatazama kama watu walio ng'ambo ya kioo. Msidhani siwapendi. Najua nawapenda, ninavyojua namba ya nyumba yetu. Kitu kimoja tu bado kinanifikia, nacho ni kwamba mkishanifukia mimi, ninyi wawili hamtakuwa na sababu ya kukutana tena.

Kwa hiyo haya ndiyo maagizo yangu. Mnizike kando ya mama yenu, bila hotuba ndefu. Nipe maji kidogo. Basi, basi, yanamwagika.

Binti yangu, inuka. Ulikaa na mama yako peke yako, umekaa na mimi peke yako, macho yamekuvimba. Nenda chumba cha nyuma ukalale, ufunge mlango. Mungu aibariki mikono yako, kila ulichokifanya kwa mama yako akulipe yeye, na usingizi wako uwe mwema. Nenda, usinibishie, Bosi. Nenda.

Amefunga mlango? Haya. Wewe vuta kiti. Karibu zaidi, sauti inaniisha.

Daktari hasemi, lakini ni leo. Nikianza kukoroma vibaya... usimwite dada yako. Mwache alale. Mimi baba yako ndiye ninayekuagiza. Utatamani kwenda kugonga. Utasimama, utakaa, utasimama tena. Wala si safari ya ndege, ni huo ukumbi tu hapo nje. Akiamka atakuuliza, kwa nini hukuniita. Sijui utamjibu nini. Yeye naye... hakujua akujibu nini wewe.

Ngoja. Ngoja nipumue.

Mungu akubariki, mwanangu. Nyumba yako isipungukiwe, na wewe usikae peke yako. Ukigonga, sitakulaumu. Usipogonga, yupo mtu mmoja duniani... atakayekuelewa, naye yuko nyuma ya ule mlango. Punguza taa. Usilie kwa sauti.

Utamwamsha.