Mguu Si Shati

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka dobi mmoja ambaye hakupendwa. Narudia: hakupendwa. Binti yake ameniomba nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, nami sina hamu ya kufanya hivyo. Kila marehemu redioni huwa mpole, mcheshi, mkarimu. Huyu hakuwa mpole. Basi tusimsingizie.

Watu walimwita Bibi Pasi. Alipiga pasi kwenye duka la dobi, kwenye ile mashine kubwa ya mvuke inayofungwa kwa kukanyaga pedali. Kutwa mguu wake wa kulia uko kwenye pedali. Mteja akilalamika kwamba kola ina mkunjo, Bibi Pasi alimtazama juu hadi chini. "Kola iko sawa. Shingo yako ndiyo iliyopinda."

Adui yake mkubwa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo ni mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji. Waliishi ua mmoja, wakachangia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mume wa Bibi Pasi alipofariki kwa presha, wifi alisimama kwenye mazishi, mbele ya watu wote, akasema: "Kaka yangu ameuliwa na chumvi ya huyu mwanamke."

Mbele ya watu wote, wasikilizaji. Na Bibi Pasi, mwenye jibu la kila mtu, siku hiyo hakujibu. Tangu hapo wawili hao hawakusalimiana. Ilikuwa ni kurushiana maneno tu, asubuhi na jioni, na majirani wakazoea.

Miaka ikapita, presha ikamfikia Bibi Pasi naye. Daktari hakumficha. Aanze kutembea kila asubuhi, la sivyo atamfuata mumewe. Alirudi nyumbani, akasimama katikati ya ua, akapaza sauti: "Nitatembea! Nitatembea mpaka nimzike mtu!" Hakumtaja mtu. Wifi yake, aliyekuwa akianika nguo, hakuhitaji kuambiwa.

Akaanza kwa pupa. Siku ya kwanza tu akaupanda mlima wa tangi la maji, na miguuni ana ndala za kazini zilizolika hadi zimebaki kama karatasi. Haraka haraka haina baraka. Haikupita wiki, upinde wa unyayo wake wa kulia ukaanza kuuma. Akishuka kitandani asubuhi, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari.

Mwingine angepumzika. Lakini Bibi Pasi alikuwa dobi, na kwa dobi hakuna mkunjo usiosikia moto na uzito. Akapiga pasi taulo mpaka likafuka moshi, akaufunga mguu nalo. Kisha akasimama juu ya mguu huo mmoja, kwa uzito wake wote, ili upinde ulale. Ndiyo, mmesikia vizuri. Aliupiga pasi mguu wake! Ukavimba, na matembezi yakaisha.

Wifi aliona yote kwa dirisha la jikoni kwake. Anakiri kwamba siku ya kwanza alifurahi. Siku iliyofuata furaha ikamwisha. Alimzika kaka yake kwa presha kutoka ua huu huu, na sasa mwingine amelala anaingojea presha hiyo hiyo. Akafungua friji, akatoa chupa ya maji yaliyoganda, akaenda kugonga mlango wa adui yake kwa teke.

"We mwanamke, mguu si shati!"

"Nani kakuita?"

"Unyayo umeumbwa na upinde wake. Unataka uwe ubao? Weka chupa hii chini, uviringishe mguu juu yake. Taratibu! Usikanyage kama unafunga lile limashine lako."

"Umetia sumu?"

"Ningetaka ufe ningekuachia taulo lako."

Wifi aliujua ugonjwa huo. Alipoanza ulinzi, kusimama na kuzunguka kwenye zege kulimuumiza mahali hapo hapo, na kliniki wakamfundisha la kufanya. Basi naye akafundisha, kwa matusi. Pumzika kwanza. Mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini. "Chini nimesema! Huna masikio?" Akamrushia raba zake za zamani zenye soli nene. Bibi Pasi akazinusa, akasema zinanuka kama mwenyewe. Akazivaa.

Binti anakumbuka: "Shangazi alimtukana mama mpaka mama akapona."

Akaanza upya, sasa kidogo kidogo. Leo mpaka kona, wiki ijayo mpaka shuleni, hadi akaufikia tena mlima wa tangi. Akatembea kwa miaka. Kila asubuhi alikutana njiani na wifi akirudi kutoka zamu.

"Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Mwezi uliopita Bibi Pasi alilazwa kwa homa ya mapafu. Haikuwa presha. Narudia: haikuwa presha. Wifi akaenda wodini.

"Umekuja kuhakikisha?"

"Ndiyo. Lete mguu."

Akaushika ule wa kulia, akaukanda kwa kidole gumba pale kwenye upinde. Kisha mgonjwa akasema, "Kaka yako alijitilia chumvi mwenyewe. Mimi nilikuwa napika bila. Nikigeuza mgongo, anachota."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Alikuwa ndani ya jeneza. Nimseme mbele ya watu, naye hawezi kujibu?" Akavuta pumzi kwa shida. "Kanda vizuri. Hata kukanda hujui."

Kesho yake mchana alifariki.

Tunampa pole binti yake, na wenzake wote wa duka la dobi aliowagombeza. Na wifi yake yuko hapa studio, amezipakata zile raba. Amekataa kushika maikrofoni. Anasema akifungua mdomo atalia au atatukana. Ameniomba niwaambie hivi: "Lile neno nililisema mbele ya watu. Naliondoa mbele ya watu. Chumvi haikuwa yake."

Nimemwambia hapa hapa, bila kumwonea haya, kwamba amechelewa. Amenijibu, "Najua. Wewe sema tu."

Basi nimesema. Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu uliyemtupia neno, na mtu huyo bado anatembea, mfuate leo. Hata kama utamwambia kwa matusi.