Ngoja Kwanza Anaondoka: Nani Amesoma Majina?

Baada ya miaka thelathini na mmoja hospitalini kwetu, fundi mkuu wa mifumo ya kompyuta anastaafu tarehe 30 Juni. Jarida letu la hospitali liliomba wasifu mfupi na wa furaha. Mfupi utakuwa.

Alikuja akiwa kijana mwenye shahada mpya na viatu vinavyong'aa, akakabidhiwa kompyuta pekee iliyokuwapo, ambayo kila jioni ilifunikwa kitambaa cha meza kama vyombo vya wageni. Leo seva zetu zinahudumia maabara, duka la dawa na mapokezi, na karibu zote amezisimika yeye. Tunamwita Ngoja Kwanza, kwa sababu ndilo neno lake kila mtu anapoisogelea kibodi yake. Mkewe anasema hata siku ya harusi, alipoulizwa kama amekubali, alisema ngoja kwanza, akafunga kamba ya kiatu, ndipo akakubali.

Ana desturi moja. Kabla ya kuondoa chochote kwenye seva, huipa amri ya majaribio. Seva haifuti kitu; inaonyesha tu vitakavyoondoka pamoja na unachotaka kukifuta. Kisha hutuita wote na kusoma majina hayo kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ukisikia programu unayoitegemea, unaitikia "Ipo!" Na ikisikika hata moja, hakuna kinachofutwa mpaka mwenye nayo apatiwe pa kuihamishia.

Mwaka jana utawala uligundua kuwa seva ya maabara, inayotumia mfumo wa Linux, ina matoleo mawili ya Python, lugha ambayo programu zetu nyingi zimeandikwa. Mkurugenzi wa utawala alishuka mwenyewe kutoka ofisi zao za ghorofa ya juu. "Mawili ya nini? Futa hilo kuukuu, leo leo!"

Ngoja Kwanza akasoma majina ya lile kuukuu. Mtandao: ipo. Programu ya kusakinishia programu nyingine: ipo. Majibu ya vipimo: "Ipo, mzee, ipo!" akapiga kelele dada wa maabara, mikono kichwani. Toleo hilo lilikuja na Linux yenyewe. Ukiling'oa, unabaki na seva isiyoweza hata kujitengeneza. La ziada lilikuwa lile jipya, lililoachwa na kampuni iliyokuja kutuchorea grafu ikatokomea. Nalo akalisomea majina. Aliitikia mtu mmoja, karani wa stoo. Ngoja Kwanza akazihamishia grafu za karani kwenye toleo la zamani, akahakikisha zinafunguka, ndipo akaliondoa lile jipya, lenyewe tu. Hakuna mgonjwa aliyecheleweshewa majibu. Hakuna simu iliyolia.

Na hapo ndipo panapochoma. Utawala umetangaza kwamba, kwa kuwa seva hazijasumbua kwa muda mrefu, nafasi ya fundi mkuu haihitajiki. Haitajazwa. Inafutwa siku ile ile anayoondoka. Yaani mtu anafanya kazi yake vizuri mpaka haionekani, halafu mnasema hakuna kazi!

Tena wameifuta bila kusoma majina. Basi tuliyasoma wenyewe wiki iliyopita, wakati wa chai. Tulizitaja kazi zake moja moja. Maabara, ipo. Duka la dawa, ipo. Chumba cha upasuaji, ipo! Hata mpishi wa wagonjwa, aliyekuwa anapita na sufuria yake, alisimama mlangoni: "Na majina ya wagonjwa wangu wasiokula chumvi, nani atanitolea kwenye kompyuta?" Mwenyewe alikuwa pembeni anapuliza chai. "Ngoja kwanza, wanangu," alisema, akanywa funda moja.

Tumeyapeleka hayo ghorofa ya juu. Mpaka jarida linakwenda kuchapwa, ghorofa ya juu iko kimya.

Mzee wetu, asante kwa kila simu ambayo haikulia. Tunakuombea asubuhi ndefu, bustani isiyodai nywila, na wajukuu wasiojua kungoja. Mfumo ukikwama, hatutakusumbua. Namba ya aliyeifuta nafasi yako tumeshaihifadhi, na tutampigia yeye.