Otiende, Kipa Aliyetufundisha Kupumzisha Kichwa

Mwisho wa mwezi huu wa Desemba 1938, Mzee Phelix Otiende anastaafu baada ya miaka kumi na minne katika shamba letu la chai. Alifika kutoka Seme na blanketi na panga, wakati hapa Kericho pakiwa bado msitu. Yeye na wenzake ndio waliong'oa visiki mahali kiwanda kilipo leo.

Kiwanda kilipofunguliwa alifanywa msimamizi wa mashine za kusokota majani, na akazijua kwa mlio wake. Jumamosi alikuwa kipa wetu. Watu wa timu ya Sosiot walilalamika kwamba lango letu ni dogo kuliko lao. Malango yalikuwa sawa, ila letu lilikuwa limejaa Otiende.

Mwaka 1931, tukicheza na timu ya Roret, aliruka kudaka mpira akagonga kichwa kwenye mlingoti. Alipoteza fahamu kidogo, akaamka, akaendelea kucheza, nasi tukamshangilia. Wiki iliyofuata alicheza tena kichwa kikiwa bado kinauma, akagongana na mtu, akaanguka. Damu haikutoka, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Baadaye tukaona amebadilika. Kelele za mashine zilimtoa machozi. Alisahau majina ya watu aliofanya kazi nao kila siku. Yeye, mzee wa kanisa asiyeonja pombe, alipepesuka njiani na kukasirika upesi. Wengine walisema ni mlevi, wengine amerogwa. Meneja akaamua kumrudisha kwao.

Mkewe, Mama Akeyo, alikwenda zahanati kwa dresa wetu, mhudumu wa wagonjwa hapa shambani, Bwana Nganga Thuo. "Daktari," alimwambia, "bwana niliyempikia uji asubuhi ile ya mpira si huyu aliyerudi jioni."

Nganga alikwenda kwa meneja. Alimweleza kwamba ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata ngozi isipopasuka, na kwamba pigo la pili kabla la kwanza halijapona hudhuru zaidi. Wengi hupona wakipumzika, lakini wengine hubaki na madhara kwa miaka. Alimwombea Otiende mapumziko na kazi ya mahali patulivu. Meneja alikubali, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Otiende kumwambia.

Otiende alipopumzika vya kutosha alipewa kitalu cha miche. Kutoka usimamizi hadi kumwagilia maji kulimuuma, wala hakuficha. Hata hivyo, polepole hasira ilipoa na miguu ikapata nguvu. Chai karibu yote ya upande wa mtoni ni miche ya mkono wake. Jua likiwa kali kichwa bado humwuma, na majina mengi hayakurudi.

Miaka minne baada ya ajali ile tulifika fainali ya kombe. Mimi ninayeandika haya, karani Opiyo, niligongana vichwa na beki wa wapinzani. Nilisimama nikasema niko sawa, na kapteni akataka niendelee. Mzee Otiende aliingia uwanjani, akaketi chini kando yangu. Refa alimwomba atoke. Alijibu kwa sauti ya chini, "Kombe mpeni mnayemtaka. Huyu anatoka na mimi."

Nilitoka, nimekasirika. Tulifungwa, na wachezaji walikaa muda mrefu bila kumsalimia. Lakini kabla hatujafika nyumbani nilikuwa natapika na sijui niko wapi. Nililazwa, nikapumzika hadi Nganga aliporidhika, na leo kalamu yangu bado inakwenda sawasawa. Tangu hapo ni sheria hapa: anayegongwa kichwa, awe uwanjani, kiwandani au shambani, anaacha kazi mpaka dresa amruhusu. Wapo wachumaji na makuli kadhaa ambao sheria hiyo imewaokoa.

Mzee wetu, asante kwa miche, na kwa kuketi chini siku ile. Tunakuombea wewe na Mama Akeyo safari njema ya Seme, siku za kivuli na usingizi mtamu. Nanyi mtakaokuja kumuaga, mtajieni majina yenu mkimsalimia. Asipowakumbuka msihuzunike, atawashika mkono kwa nguvu zile zile alizodakia mpira.