Karani Aliyeandika Majina Tisa

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosafiri toka mbali, familia imenipa mimi, mtoto wa kaka yake, kazi ya kuwasomea maisha ya baba mdogo, naye mwenyewe alishanionya mapema kwamba nisije nikamvisha kilemba cha ukoka, kwa hiyo nitayasoma kama yalivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa reli na mama muuza maziwa, na tangu alipojua kusema hakumpa mtu nafasi ya kupumua, kila alichotamka kilianza na kwani, hata jina la Kwani likamganda. Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni kuanzia 1959 hadi 1965, ambako aliifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kinachosukuma mishale, akaifunga tena ikitembea vizuri, ingawa skrubu mbili zilibaki mfukoni mwake, kisha akamaliza sekondari mwaka 1969, akisifika kwa mwandiko safi.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na kampuni ya machimbo ya mawe kuwa karani wa zamu, kazi yake ikiwa kuandika nani ameingia, nani ametoka na nani ameumia, na bila sahihi yake mashine ya kusaga kokoto haikuruhusiwa kuwashwa. Tarehe 20 Novemba 1976 alimuoa mama mdogo, mshonaji, ambaye husema alimkubali ili maswali yale angalau ayajibu akiwa amekaa, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1978 na kitinda mimba mwaka 1986.

Mwaka huohuo vita vilifika upande wetu, kampuni ikakodi watu wenye silaha walinde lango, wala hakuna aliyeuliza walikuwa wakifanya nini kabla ya hapo, na marehemu alikiri kwamba hata yeye, bingwa wa kuuliza, safari hiyo alinyamaza. Walinzi wakaanza kuwapiga wachimbaji, wachimbaji wakamlalamikia karani, naye kwa nia njema akafungua daftari, akaandika jina la kila mlalamikaji, siku aliyopigwa na nyumba anayokaa, akalipeleka kwa meneja, na meneja, kwa kufuata taratibu, akampa mkuu wa walinzi ili achunguze.

Yaani malalamiko yalipelekwa kwa mlalamikiwa. Tarehe 9 Juni 1987, saa mbili asubuhi, mkuu wa walinzi alisimama langoni na daftari lile, akasoma majina tisa bila kukwama hata kwa herufi moja, wote tisa wakapakiwa garini, watano wakarudi baada ya wiki wakiwa na majeraha, watatu baba mdogo aliwatafuta mji kwa mji mpaka akawapata, wa mwisho mwaka 1994, na wa tisa, fundi baruti, hajaonekana hadi leo.

Kesho yake marehemu alimwambia meneja kwamba hatatia sahihi mpaka walinzi wale waondoke, meneja akamuuliza kama anajua kwamba anacheza na moto, akajibu kwamba hilo analijua, asilolijua ni nani aliyeusoma mkataba wao kabla ya kuusaini, mashine ikalala siku kumi na saba, mama mdogo akawahamishia watoto kwa ndugu zake, na siku ya kumi na nane walinzi wakaondolewa. Toka hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011, hakukodiwa mlinzi kabla yeye hajaenda alikotoka mlinzi huyo, akakaa jikoni kwa watu, akadodosa na kusikiliza, na malalamiko yakawa yanapokelewa na muuguzi wa zahanati, bila jina wala nyumba.

Kila tarehe 9 Juni alikwenda kwa mke wa fundi baruti kumwambia kwamba mwandiko ule ni wake, miaka kumi na moja akafungiwa mlango, mwaka wa kumi na mbili mama yule akamuuliza jambo moja tu, kwa nini aliandika mpaka nyumba, naye akajibu kweli, kwamba alikuwa ameshapiga mistari ya safu hiyo na akaona vibaya kuiacha tupu. Siku hiyo alirudi nyumbani akalia mbele yetu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa hospitali tarehe 2 Agosti, na tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka 72, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Tunamshukuru daktari aliyemchorea figo zake kwenye karatasi mara tatu kwa sababu mara mbili za mwanzo hazikumtosha, wauguzi, majirani mlioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hasa wachimbaji wanne wa lile daftari, ambao wameomba wenyewe kubeba jeneza. Mke wa fundi baruti amekaa hapa mstari wa mbele, na marehemu ameagiza kwamba aliye na habari yoyote ya fundi yule asituletee sisi, wala asiiandike popote, amfuate mama huyu na amwambie yeye kwanza, ana kwa ana.

Baba mdogo, umeondoka bila kujua alipo. Pumzika kwa amani, tutauliza sisi.